Kuni za Boma

Juzi mwanangu alileta gogo la muhuhu, akalitia jikoni kwa sababu eti linanukia vizuri. Nilimwagia moto wake maji, wali ukiwa bado haujaiva, na wajukuu wakanitazama kama nimepandwa na pepo. Muhuhu unanukia kweli, harufu tamu inayoganda kooni, lakini mimi siuvumilii nyumbani kwangu. Nawaambieni sababu, maana wao sijawaambia.

Tulikuwa tukiishi kaskazini ya Mto Sabaki, Wagiriama wa mahindi na mbuzi, hatuna neno na mtu. Wazungu wakajenga boma ukingo wa kusini, jumba la mawe lenye matundu ya bunduki yaliyotazama kwetu. Mwaka vilipoanza vita vya Wajerumani tukaamriwa tuvuke, tuache udongo ule mzuri. Hawe, ndivyo tunavyomwita bibi, alikataa. Nyuma ya nyumba kilisimama kigango cha mumewe, gogo la muhuhu lililochongwa kichwa cha mviringo na pembetatu kifuani, na humo ndimo roho ya babu ilimokaa. Kigango hakihamishwi. Kila mavuno hawe alikipa unga na tembo kabla yeye mwenyewe hajaonja kitu. Akawauliza askari nani atamlisha mzee. Wakamjibu kwa kutia moto mapaa yetu.

Tukavuka. Kando ya boma palikuwa pameshaota kamji: duka la Mhindi, vibanda vya wake wa askari, tarumbeta alfajiri. Mashamba yetu yalikuwa ng'ambo, njaa ilikuwa huku. Hawe akapata kibarua cha kutwanga mahindi jikoni mwa askari, ujira wake ukoko wa sufuria kubwa, nami nikimfuata na kibakuli changu. Siwafichi, nililipenda jiko lile. Siku moja moshi wake ulinukia kuliko siku zote, na hata ukoko ulikuwa na harufu ile. Niliula nikalamba vidole.

Hawe akaacha kutwanga. Aliinama, akachomoa gogo motoni kwa mikono mitupu. Chini lilikuwa limeshakuwa makaa. Juu ulibaki uso wa mviringo, na pembetatu moja nyeusi. Askari walikuwa wametumwa ng'ambo kukata kuni, wakaona afadhali kung'oa zilizokwisha kukauka.

Mpishi, mtu wa mbali mwenye kofia nyekundu, hakuwa hata mkali.

"Mama, kuni ni kuni," alisema. "Rudisha, watu wana njaa."

"Huyu ni mume wangu," hawe akamwambia. "Mmepika chakula juu yake, kisha mkampa mjukuu wake ale."

Alinipokonya kibakuli, akaumwaga ukoko uliobaki mtoni. Jikoni mwa askari hakurudi tena, wala hakuniruhusu mimi. Tulilala njaa, tukaamka njaa. Nilimchukia hawe. Nilimwona mkorofi anayetunyima chakula kwa ajili ya kipande cha mti kilichoungua, alichokifunga kwa kaniki na kukilaza kitandani pake, huku viganja vyake vikitoa usaha. Kabla mvua hazijarudi alikufa, nami nikamzika nikiwa bado nimemnunia.

Siku hizi walimu huwapeleka watoto kuzitazama kuta za boma. Huwaambia ni nene namna gani, na jinsi serikali ile ilivyoleta amani mtoni. Amani! Hakuna anayewaonyesha palipokuwa na jiko.

Nilikuwa mtu mzima, nina wafu wangu wa kulisha, ndipo nilipoelewa alichokiokoa hawe kwa mikono ile. Shamba walilichukua, nyumba wakachoma, na babu yangu wakamfanya kuni. Lakini kinachonikaba kila nikisikia harufu ya muhuhu ni kingine. Hasira yote niliyokuwa nayo ilikuwa haki yao, wao mle bomani, na mimi nilimpa hawe, akaenda nayo kaburini. Hilo siwasamehe.