Namba ya Baba

Pale maabara walimwita Bi Hakiki, na jina likamkaa. Kichupa cha damu hakikupita mkononi mwake kabla hajasoma jina la mgonjwa mara mbili, ya pili kwa sauti. Wenzake walimcheka weee, lakini ikija damu ya ndugu zao wanampelekea yeye. Miaka kumi na moja, hajachanganya hata kimoja.

Sasa, mganga hajigangi. Mwanamke huyo huyo alijaza maombi ya shahada ya uzamili, mara yake ya tatu kuomba na ya mwisho kwa umri wanaoutaka, akatuma, halafu kesho yake ndipo akaisoma fomu yake vizuri. Mwaka wa kumaliza diploma kakosea. Cheti kimoja kakipakia kimelala ubavu. Hayo angeyameza. Lakini penye namba ya mtu wa karibu, mkono ulikuwa umejiandikia wenyewe namba ya baba yake, kama ulivyozoea tangu shule ya msingi. Baba alikuwa na miezi mitano kaburini.

Fomu ikishatumwa haifunguki tena. Basi ile namba ikahamia kichwani mwake. Akaiona kwenye lebo za vichupa, akaisikia kwenye mvumo wa mashine ya kuzungusha damu. Simu yake mwenyewe hufungiwa kabatini akiwa kazini. Watu wa chuo wakimkosa watampigia marehemu, marehemu hapokei, na nafasi anapewa mwingine. Alijichukia. Na kilichomtisha zaidi, msimcheke, ni kwamba kila akiwaza simu ile inaita, alitamani mtu apokee.

Jumapili mchana, wakikunja nguo, mama yake akasema bila kuinua macho, "Wale wa chuo walipiga juzi. Usaili Jumatano, saa nne."

"Walipiga wapi, mama?"

Mama akafungua kabati, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti la baba, akatoa simu ya marehemu. Ilikuwa na chaji tele.

"Ningekwambia siku ile ile, ila ungejua naichaji."

"Ukawaambiaje?"

"Walimuulizia baba yako. Nikasema ametoka kidogo."

Bi Hakiki akachukua shuka, mama akashika ncha ya pili, wakaendelea kukunja.

Jumatano usaili ulipokwisha, karani alimsogezea fomu iliyochapwa, na kalamu juu yake. "Kama kuna kosa, dada, rekebisha hapa hapa."

Akarekebisha mwaka. Akafika kwenye namba ya baba, akaisoma mara mbili, ya pili kwa sauti.

"Na hiyo?" karani akauliza.

"Hiyo iko sawa," akasema, akamrudishia kalamu yake.