Saa Sita kwenye Chemchemi ya Kambi Matofali

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kambi Matofali, mbele kidogo ya mtaa wa Nyakasanza, hakuna aliyeteka maji saa sita mchana. Saa hiyo ilikuwa ya wenyewe, viumbe wasioonekana ambao, tuliambiwa, walioga kwenye chemchemi jua likiwa la utosi. Ukiwakuta wanakutia homa, na wengine hawaponi.

Kitongoji chetu kilianzishwa na wanaume waliochoka kuchimba dhahabu kule Bambu, wakaja kuchoma matofali ya udongo wetu mwekundu. Baadaye wakaja akina mama wakulima wa maharagwe kutoka Bule, kisha wafugaji. Tulikuwa tunagombana sana, lakini kwa ajili ya mbuzi walioingia shambani. Mambo ya kabila yaliletwa na vita.

Siku wenye silaha walipofika, bibi yangu, tuliyemwita Koko, alikuwa anamenya maharagwe. Jirani yetu Mama Furaha aliingia kwa mlango wa nyuma, mtoto mchanga mgongoni, mwanawe mkubwa Furaha mkononi. Alikuwa wa kabila walilokuwa wanalitafuta. Koko akasimama, akaonyesha njia ya chemchemi.

"Twende ku mayi."

"Koko, ni saa sita!" nikasema.

"Niko najua. Weye shika mukono ya Furaha, usiongee."

Tulishuka bondeni tukipita migombani. Ukingoni Koko alivua kandambili, akainama.

"Mutusamehe," aliyaambia maji. "Siye hatuna fasi ingine ya kujificha."

Tukaingia katikati ya mafunjo, maji yakitufika kiunoni. Mama Furaha alimnyonyesha mtoto mchanga ili asilie. Muda si mrefu tukasikia vishindo vya viatu ukingoni juu yetu, kisha sauti ya kijana. Niliitambua: alikuwa mtoto wa mchoma matofali mmoja wa hapo hapo kwetu.

"Kule hapana. Saa hii watu hawashukake kule."

Mwenzake alicheka, lakini hakushuka. Wakaondoka.

Jioni nyumba ya Mama Furaha ilikuwa majivu. Yeye na watoto walivuka ziwa hadi Uganda, na vita vilipokwisha wakarudi. Lakini baada ya siku ile Koko alishikwa na homa wiki nzima. Mama yangu alitaka kumpeleka kwa daktari, Koko akakataa.

"Wenyewe wamenikamata," alisema. "Ni haki yao. Niliwaingilia."

Alipona, ingawa hakuwa tena na nguvu za zamani.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ujanja wa mzee aliyejua hofu za wengine na kuzitumia. Watu walicheka na kumsifu. Siku hizi sisimulii tena hivyo. Koko hakuwa mjanja. Aliamini kuliko sisi sote kwamba anaenda kulipa kwa mwili wake, na Mama Furaha hakuwa hata ndugu yake.