Mtu wa Kwanza Aliyetaka Kurudi Shishiyu

Fundi wetu amefariki. Simu ilinikuta mnadani nikibishana na mtu juu ya bei ya beberu, na aliyepiga hakusema kwamba fundi cherehani amekufa. Alisema, "Mzee, Guku katutoka." Guku kwa Kisukuma ni babu, na msomaji aliye mbali na Bariadi atadhani amekufa kikongwe wa ukoo fulani. Wala! Amekufa mtu aliyenizidi miaka michache tu, mshona suruali na sare za shule, mzaliwa wa Shishiyu kule Maswa, aliyekuja hapa kijana na cherehani yake kutafuta riziki kama wengine wote. Alikufa akiitwa babu na watu wasio wajukuu zake, na hakurudi kwao, ingawa kurudi ndicho kitu pekee alichokuwa akikiomba. Jambo hilo linanikera hadi sasa, na leo mtanivumilia nikilisema.

Mji wetu una chama cha kuhifadhi historia. Msicheke. Tuko walimu wastaafu, katekista mmoja, wafanyabiashara wa pamba na mimi mwandishi, nasi tunakusanya habari na vyombo vya watu waliofyeka pori hili wakati wenyeji wake walikuwa fisi. Tunayo majembe yao, vibuyu vyao, mawe yao ya kusagia. Miaka ile chama kikiwa kichanga tuliamua kufanya sherehe ya waanzilishi, na katikati yake mtu mmoja amwigize yule mzee aliyefika upande wetu huu kabla ya wote: apite na shoka begani, akate mti, aseme, "Hapa ndipo." Vazi la ngozi tukampa fundi alishone. Sasa, marehemu hana kipimo, na fundi hakutaka kumsumbua mtu, basi akalishona kwa kipimo cha mwili wake mwenyewe, naye alikuwa mrefu na mwembamba kama bua la mtama. Siku ya sherehe mwalimu aliyepangwa kuigiza, mtu wa tumbo na mabega, vazi likamgomea kifuani. Watu wamejaa, ngoma zimeshaanza. Mwenyekiti akamgeukia fundi: "Vaa wewe basi, ni saa moja tu." Akavaa. Heri angekataa.

Huku kwetu aliyekufa haendi mbali. Mtoto akirithi jina la babu yake, bibi humwita mume wangu mbele za watu, na watu wazima humwamkia kwa adabu ya babu. Ni mila nzuri, mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Lakini fundi alipokata ule mti na kusema yale maneno, vikongwe walilia, na kesho yake sokoni akaamkiwa, "Mwangaluka, Guku." Akacheka, nasi tukacheka. Baada ya mavuno mawili matatu hakuna aliyekuwa akicheka tena. Siku moja nilikuwa kibarazani kwake nasubiri suruali niliyoahidiwa tangu Pasaka (mafundi mnawajua), wakaja ndugu wawili waliokuwa hawasemeshani kwa ajili ya mpaka wa shamba la pamba. Wakachuchumaa, wakapiga makofi kidogo.

"Guku, tuambie mpaka unapita wapi."

"Jamani, mimi ni mtu wa Shishiyu. Hapa nimefika kwa basi."

"Tunajua, Guku," akasema yule mkubwa kwa upole kabisa. "Lakini ulipofika ile mara ya kwanza, mpaka uliupitisha wapi?"

Mimi nilishikwa na kicheko mpaka nikaegemea mlango. Fundi hakucheka. Aliwatazama, akanitazama, akasema, "Kwenye kichuguu," kwa sababu ni shamba gani la huku lisilo na kichuguu? Wakamshukuru, wakaondoka wakizungumza, na kesi iliyokuwa imewashinda wazee wa mtaa na baraza la kata ikaishia hapo. Fundi akarudi kwenye cherehani lakini hakuizungusha. "Umeona mwenzangu," akaniambia. "Nimempangisha marehemu mwili wangu, na mpangaji hatoki."

Kwao Shishiyu alikuwa amejenga nyumba ya vyumba viwili jirani na dada yake mkubwa, nayo imeezekwa, inamngoja. Mkewe alishatangulia, mtoto hakujaliwa, na nia yake ilikuwa akamalizie uzee wake kule ambako, kwa maneno yake, "nikiitwa nageuka bila kujiuliza anaitwa nani." Kuna mwaka alifunga kweli. Alipakia cherehani, godoro na sufuria kwenye guta, akafika barabarani. Nilipopata habari nikakimbia kwenda kumuaga, nikakuta barabara imekaliwa. Hakuna aliyemtukana wala kumshika. Walikaa tu chini, kina mama na wazee, na bibi mmoja mbele kabisa akilia. "Mvua bado haijaanguka, Guku. Ukiondoka wewe, sisi itatujua kwa nani?" Na mjumbe wetu mmoja, mlokole asiyetaka hata kusikia habari za mizimu, naye akatoa yake: wageni wa mkoa wamealikwa sherehe ijayo, chama kitaaibika. Kila mtu alikuja na kamba yake. Fundi angeweza kupita katikati ya matusi, lakini kumruka bibi anayelia asingeweza. Akamwambia mwenye guta, "Geuza. Nitakwenda mwakani." Tangu hapo kila mwaka ulikuwa na mwakani wake. Nami niwe mkweli, watu walimpenda. Kila arusi alitengewa nyama kabla ya wengine, na watoto wachanga walipelekwa kwake awashike kichwa. Ndiyo maana hakutoka. Ng'ombe hafungiwi zizini kwa sababu anachukiwa.

Dada yake alifika siku ya mazishi asubuhi na pikapu ya kukodi, amekuja kumchukua. Akakuta kaburi limeshachimbwa kando ya kaburi la mwanzilishi. Mwenyekiti akamweleza kwa heshima zote kwamba mtu wa kwanza hazikwi ugenini. Yule mama, mfupi, khanga imefungwa kiunoni, akamsikiliza mpaka mwisho. "Kwenu ni wa kwanza," akasema. "Kwa mama yetu alikuwa wa mwisho. Nimembeba mgongoni mimi hapa." Nikasimama kumuunga mkono, nikasema kila mtu hapa anajua fundi alitaka nini. Wakanijibu kwamba fundi alitaka, sawa, lakini Guku je? Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Sisi wetu tulimpa shoka la marehemu, kisha tukampa na kaburi. Wakati wa kutupia udongo dada akaitwa kwanza. Hakusogea. "Huyo mnayemzika simjui," akasema, bila hasira, kama anayekataa chai. "Mimi ndugu yangu namsubiri nyumbani." Akapanda pikapu ikiwa tupu, akaenda zake, na sisi tukabaki tumeshika udongo mikononi. Sijawahi kuona mazishi ya aibu kiasi kile.

Jumamosi chama kikakutana. Nilidhani tutazungumza habari za yule mama, pengine tumfuate tukamwombe radhi. Ajenda ilikuwa moja: mrithi. Sherehe iko mbele yetu, na watu wameanza kuuliza. Macho yakaanza kunielekea, moja baada ya jingine, kwa kuwa wengine wote pale ni wanene na vazi ni lile lile. Mwenyekiti akatabasamu. "Ni saa moja tu," akasema.

Jamani, nimewatumikia waliotangulia miaka mingi na sijutii. Mtu asiyejua nani alifyeka shamba lake atalima kama mwizi. Lakini heshima ya wafu inayolipwa kwa maisha ya aliye hai si heshima tena, na fundi ametufundisha kwamba hapana ni nyepesi siku ya kwanza tu. Ukiilaza, kesho yake hutaweza kuinyanyua. Kwa hiyo nilisema hapana. Wakacheka, wakanimiminia chai, wakasema tutazungumza. Ndiyo maana naiandika na hapa gazetini, nikiwa mzima na mwenye akili zangu, mbele yenu nyote: nimekataa. Mkisikia nimekubali, njooni mnichukue.