Eulalie na Mutoto Mwenye Alibaki Nyuma

Marcellin, mutoto wa kaka yangu, ananisumbua tangu Pasaka: eti niandike maisha ya mudogo wangu Eulalie. Yeye njo iko na diploma, mimi niliacha masomo darasa ya tatu, troisième primaire, lakini kalamu anapatia mimi. Haya. Nitaandika vile mukono yangu inaweza, na mutu asinyooshe maneno yangu.

Eulalie aliuzaka makala ya kupikia, mkaa, hapa Kasha, mbali na katikati ya mji, mbele ya parseli, kiwanja ya nyumba yake. Alikuwa mutu wa kucheka. Padri akirefusha mahubiri, yeye anakohoa mpaka padri anamaliza. Bwana yake alikufa mapema, akabakia na mutoto moja, Guy. Guy akaenda Kamituga kuchimba dhahabu. Pikipiki ikamurudisha maiti, amefunikwa bâche, turubai ya plastike. Eulalie akakataa makaburi ya mji, akamuzika nyuma ya nyumba, kwa migomba, vile wazee wetu walizikaka.

Kisha mvua ikakata kilima. Migomba, choo, kaburi, vyote vikashuka mu ravini, ule korongo wa chini, maji ikabeba. Hata ubao moja ya sanduku hatukuona.

Tangu pale, kila magaribi Eulalie alitwaa kiti ya plastike, akakaa pale kilima inakatikia, akasemesha hewa. "Guy, leo makala iliisha mapema." Majirani wakasema ana wazimu. Na mimi nikamuambia:

"Mama Guy, unaongea na shimo."

"Yaya, mukubwa wangu, udongo njo ilihama. Fasi ya mutoto wangu iko palepale mbele yangu."

Nikamuacha na kiti yake.

Lakini kila mvua ilikula kilima kidogo. Siku moja ingekula na kiti. Njo sababu Marcellin alikuja. Anafundisha jiografia, alitaka kumutoa pale. Courant ya umeme ilikuwa imekatika, nyota zote ziko nje, na ule mukanda mweupe wa nyota umelala juu yetu. Akatwaa lungo ya kupepetea ya Eulalie yenye maharagi.

"Tantine, shangazi yangu, nyota zote zenye unaona, na miliari zenye huoni, ziko pamoja kama maharagi mu lungo hii. Ni kubwa mpaka mwangaza, yenye inashinda vyote mbio, inavuka kwa miaka elfu mia."

"Na jua iko katikati?"

"Hapana. Iko huku." Akaweka kidole kati ya moyo ya lungo na ukingo. "Ni punje moja tu."

"Kumbe hata jua inakaa Kasha!"

Tukacheka. Marcellin hakuachia hapo.

"Na lungo inazunguka. Jua inakimbia, imetubeba. Kuzunguka mara moja ni zaidi ya miaka milioni mia mbili. Ile fasi ya kaburi, tantine, haiko hapa tena. Tuliiacha."

Kicheko ya Eulalie ikakauka.

"Guy iko wapi basi?"

Marcellin akaangalia viatu vyake. "Nyuma."

"Nyuma wapi? Onyesha!"

Akaonyesha kusini, juu ya mji.

Kesho yake kiti haikuwa pale. Marcellin akaniambia ameshinda. Mujinga na diploma yake! Eulalie alikuwa na woga yenye sijaona kwa mutu. Kama tunakimbia vile, alisema, mutoto wangu iko peke yake kwa giza, na hakuna mwenye anamuambia tumefika wapi. Basi akaanza kuita. Sokoni, njiani, hata mu misa wakati padri amenyanyua hostia: "Guy, mwana wani, mutoto wangu, tuko hapa!" Kisha anageuza sikio kusini.

"Yaya, ulisikia?"

"Sikusikia kitu."

Siku moja aliita kwa robine, bomba ya maji ya mutaa. Akina mama wote wakainua vichwa pamoja, wakaangalia kusini. Ndoo zilijaa, maji ikamwagika, hakuna mwenye alifunga. Walisikia nini, hakuna alisema. Na mimi sisemi.

Kilima ilikula nyumba, Eulalie akahamia kwangu. Alifia kitandani mwangu, akiniuliza nani ataita sasa. Nilikataa kuahidi. Siamriwi na mudogo wangu. Lakini tangu alizikwa, kimya iko mu nyumba yangu kama mugeni mwenye anakataa kuketi. Ninapika, iko mulangoni. Ninasali, iko mulangoni. Basi ninaita. Ninaita wawili. Na sauti yangu ya uzee haifiki hata kwa jirani.

Wewe mwenye unasoma, sijui umeketi wapi, lakini hapo umeketi, dunia haijawahi kupita mbele ya sasa, na haitarudi tena. Simama. Sema kwa mudomo, si kwa moyo: "Guy, Eulalie, tuko hapa." Sema sasa, kabla hatujaondoka pale. Kisha nyamaza, usikilize. Na kitu ikijibu, usijifanye hukusikia kama wale wa robine. Kuja Kasha, uliza nyumba yangu, uniambie ilisema nini.