Mama Aliyelamba Bati

Miaka ile mamluki wa kizungu walipoishika nchi yetu, nilikuwa dukani karibu na soko la Volo Volo, hapa Moroni, nimekwenda kununua mabati membamba, yale ya bei nafuu. Mama mmoja akanipita, akainama, akalamba bati.

Mkwe wake, kijana wa Mutsamudu, kisiwa jirani, aliyekuja kumwezekea nyumba, akaficha uso kwa viganja. "Mama, chukua tu haya membamba. Kwetu ndiyo tunaezekea."

"Kwenu mna mito, mwanangu. Hapa Moroni ardhi ni mawe ya volkano, mvua yote inaimeza. Mimi nakunywa kinachoshuka paani. Jembamba likipigwa na chumvi ya bahari, mwaka haupiti nakunywa chai ya kutu."

Akalamba la pili. Hapo hapo akaingia mmoja wa wale wazungu, bunduki begani. Mama akageuka kumtazama, ulimi ungali nje.

Mzungu akakunja uso, akamuuliza mwenye duka bibi yule ana nini.

Mwenye duka akajibu, "Anaonja paa, bwana."

Mzungu akautazama ulimi, akayatazama mabati, akatoka bila kununua hata msumari.

"Mama, ungetuponza!" mkwe akanong'ona. "Wale ndio wenye nchi!"

Mama akajifuta midomo. "Huyo atarudi kwao. Paa hili nitalinywa mpaka nife. Nitoleeni yale manene."

Nami nikanunua manene. Mzungu alirudi kwao kweli. Paa langu bado nalinywa.