Mwingereza Aliyesimama

Juzi televisheni ilionyesha kisiwa kimoja cha Karibi na picha ya gavana wake wa zamani, Mwingereza mwenye kofia ya manyoya. Niliizima. Alifanana mno na yule wa kwenye picha ya bibi.

Bibi alikuja nayo hapa Ibra, Omani, kutoka Unguja, akaitundika sebuleni. Sultani amekaa kitini, Balozi wa Kiingereza amesimama pembeni. Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, tulikuwa na wageni na nyumba ilinukia udi na halwa. Kwetu wageni hukaa, na mdogo wa nyumba husimama na birika. Mdogo nilikuwa mimi.

"Bibi, huyu ndiye aliyekuwa akimtilia Sultani kahawa?"

Ami, ndugu wa baba, aliangua kicheko. "Mwambie akutilie na wewe!"

Bibi hakucheka. "Huyo ndiye aliyekuwa akiamrisha."

"Mbona basi hakukaa?"

"Tia kahawa, mwanangu."

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza tena, akanijibu vilevile. Ya mabalozi nimeyasoma baadaye, kidogo kidogo. Nilichotaka ni alivyoyaona yeye, na hilo halimo kitabuni.

Wiki iliyopita tulimzika. Matangani nilisimama na birika chini ya picha ile, nikawatilia watu kahawa.