Kizibao cha Ildefonsi

Nilikuwa nachambua maharage simu ilipolia. Alikuwa Vitalia, jirani yetu wa kijijini kwetu, Litembo.

"Dada Tadea, kaa chini kwanza."

Nikamwambia nimeshakaa.

"Ildefonsi amegongwa na bodaboda pale konani. Amefariki."

Nikaendelea kuchambua maharage. Sijui kwa muda gani.

Ildefonsi, mdogo wangu, alikuwa mtu wa mipango katika mradi wa barabara. Mradi wao ulikuwa na uwezo wa kujenga barabara moja tu: ya kwetu mlimani, au ile inayozunguka bondeni. Kazi yake ilikuwa kulinganisha gharama ya kila moja na faida yake: vyombo vya usafiri vingapi vinapita, saa ngapi zitaokolewa, wagonjwa wangapi watawahi hospitali. Yenye faida kubwa zaidi kwa gharama yake ndiyo ingejengwa.

Alihesabu siku saba pale konani, amevaa kizibao cha njano kinachong'aa. Akapata pikipiki sita kwa siku. Kwa hesabu hiyo barabara yetu ilishindwa vibaya. Alikuja kwangu Mbinga amenyong'onyea.

"Sita, dada. Na kahawa yote ile inashukaje?"

Nilicheka. "Kwa hicho kizibao unafanana na trafiki. Vijana wa bodaboda hawana leseni. Wakikuona tu wanakatiza mashambani."

Akacheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe nimewahesabu wale sita wenye leseni."

Alhamisi akarudi konani bila kizibao, akaketi ukingoni kama mtu anayesubiri usafiri. Ukungu ulikuwa mzito. Kijana aliyemgonga anasema hakuona mtu.

Neno la kizibao lilitoka kinywani mwangu. Nimeliungama, Padre akasema si dhambi. Nimemsikia, lakini bado sijaelewa.

Daftari lake liliokotwa majanini. Aligongwa saa mbili asubuhi tu, na tayari alikuwa ameandika pikipiki thelathini na moja. Ambokile, mwenzake wa ofisini, alilipokea kwa mikono miwili.

"Hesabu tutaimalizia palepale, dada."

Tulimzika Jumamosi. Madereva wa bodaboda walisindikiza jeneza, wote kwa barabara kubwa, hakuna aliyekatiza mashambani. Walipofika konani walizima injini, wakasukuma pikipiki huku wakitembea hadi makaburini. Padre alinyunyiza maji ya baraka. Mama akatupa udongo, nikafuata mimi, kisha vijana wakafukia. Tukamwombea raha ya milele, tukarudi nyumbani.